Msumeno mdogo wa diski, wa waya au wa betri: nilivyoitumia yote miwili Nakuru

Rafu ya juu katika karakana yangu hapa Nakuru ina misumeno miwili midogo ya diski. Mmoja ni wa waya, wenye nguvu ya wati 1,050, nilioununua mwaka nilipoacha kuajiriwa na kuanza kujitafutia kazi. Mwingine ni wa betri ya volti 18, nilioununua miaka mitatu baadaye, nilipochoka kuomba stima kwa majirani wa wateja wangu. Yote miwili huvaa diski ya milimita 165, na yote miwili imekata mbao za makabati ya jikoni, milango, dari na mapaa kutoka Free Area hadi Njoro na Elburgon, kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayakutoka kwenye karatasi ya tangazo. Karibu kila fundi anayeingia karakanani huniuliza anunue upi iwapo fedha zake zinatosha mmoja tu. Swali hilo nimelijibu kwa namna mbili tofauti katika miaka hii, na jibu la sasa nitalitoa mahali pake, kwa sababu kabla ya kufika kwenye waya na betri kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama.

Jambo hilo ni ukubwa wa diski. Misumeno inayouzwa kama midogo huanzia diski ya milimita 85, ikapanda hadi 115, 120, 136 na 165, ilhali msumeno wa mkononi wa ukubwa wa kawaida huwa na diski ya milimita 184 hadi 190. Ukitazama video za mafundi wa Marekani utawasikia wakiusifu ule wa milimita 115 kwa wepesi wake, na kwamba unakata mbao ya nne kwa mbili kwa mpito mmoja. Hawasemi uongo. Ila mbao yao ya nne kwa mbili, ikishakaushwa na kupigwa randa kiwandani, hubaki na unene wa milimita 38 tu, na msumeno wa diski ya milimita 115 hukata kina cha takriban milimita 43. Mbao yetu ya saipresi inatoka kwenye mashine za kupasulia za Elburgon na Molo ikiwa bado mbichi na ina makwaruzo, na ukiishikia futikamba utapata milimita 45, pengine 50, na mara nyingine upande mmoja una 46 na wa pili una 51, kutegemea aliyekuwa akisukuma gogo siku hiyo. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi nami alikuja na msumeno mdogo wa aina hiyo, mzuri, mwepesi kama chupa ya maji, na siku ya kwanza ya paa alikata kila kombamoyo mara mbili: anakata upande huu, anaigeuza mbao, anakata upande wa pili, kisha anasugua kingo kidogo iliyobaki katikati kwa sababu mikato miwili haikukutana. Kufikia saa sita mchana alikuwa amechukua msumeno wa mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu umeme hata kidogo: kama unakata mbao za inchi mbili, usishuke chini ya diski ya milimita 165, iwe ya waya au ya betri. Diski za milimita 115 na 120 zina kazi yake, nayo ni plaiwudi, MDF, mbao za dari na sakafu, na mtu ambaye kazi yake yote ni makabati anaweza kuishi nazo bila shida. Ile ya milimita 85, ambayo hukata kina cha karibu milimita 25, ni ya kukatia mbao nyembamba ukutani mahali ambapo msumeno mwingine hauingii. Na hata kwa milimita 165 usitarajie miujiza, kwa maana ukiulaza msumeno kwa nyuzi 45 kina chake hupungua hadi kati ya milimita 37 na 40, na mbao yetu ya inchi mbili haikatiki kwa mpito mmoja. Mkato wa namna hiyo mimi huumaliza kwa msumeno wa mkono, na sijaona aibu.

Tukishakubaliana kuhusu diski, ulinganisho unakuwa wa haki. Nitachukua mifano miwili ya Makita kwa sababu ni ya kampuni moja na ina diski ya ukubwa mmoja, ingawa yangu si hiyo bali ni ya tabaka hilo hilo. HS6601, ambao ni wa waya, una wati 1,050, huzunguka mara 5,200 kwa dakika bila mzigo, na hukata kina cha milimita 54.5. DSS611, ambao ni wa betri ya volti 18, huzunguka mara 3,700 na hukata kina cha milimita 57. Utaona kwamba kwa kina hakuna tofauti ya kumfanya mtu akose usingizi, na wa betri hata umepita kidogo. Tofauti iko kwenye mwendo. Kwa mizunguko 5,200, meno ya diski ya milimita 165 hupita kwenye mbao kwa karibu mita 45 kila sekunde. Kwa mizunguko 3,700 ni mita 32. Ukisukuma yote miwili kwa haraka ile ile, kila jino la ule wa betri linang'ata kipande kikubwa zaidi cha mbao, na kipande kikubwa ndicho kinachong'oa nyuzi za juu.

Kwenye kombamoyo hakuna anayejali nyuzi zilizong'oka, kwa sababu mabati yatafunika. Kwenye blokubodi (ubao mpana wa vipande vya mbao vilivyogundishwa kati ya ngozi mbili nyembamba) yenye ngozi ya mahogani, ambayo mteja ataitazama kila asubuhi anapochukua shati, jambo hilo linakuwa kubwa. Ule wa waya nikiuvika diski ya meno 40 na kuukatisha kwenye ngozi hiyo, ukingo hutoka safi kiasi kwamba sandipepa hupita mara moja tu. Ule wa betri nikiuvika diski ile ile, ni lazima nisukume taratibu, nibandike utepe wa karatasi wenye gundi juu ya mstari, na bado upande wa juu huweza kuchanika hapa na pale. Misumeno mipya ya betri yenye mota isiyo na brashi za kaboni hufikia mizunguko 5,000, na kwa hiyo pengo hilo limekaribia kuzibika, lakini bei yake nayo inapanda, na mtu anayelinganisha lazima aiweke bei hiyo mezani, asilinganishe ubora wa ule wa ghali na bei ya ule wa rahisi.

Sasa nifike kwenye waya wenyewe, kwa sababu hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Karatasi nzima ya blokubodi ina urefu wa futi nane, na ukiipasua kwa urefu unatembea nayo kutoka mwanzo hadi mwisho huku waya ukikufuata nyuma. Siku moja nilikuwa nikipasua upande wa kabati la ukutani nyumbani kwa mteja, katika chumba chenye nafasi ya kutosha mtu na karatasi na si zaidi. Mkato ulikuwa umefika futi ya sita. Plagi ya msumeno, mahali inapoungana na waya wa kuongezea, ikanasa kwenye pembe ya karatasi iliyoegemezwa nyuma yangu. Mkono ulihisi kama mtu amenivuta kiwiko. Msumeno ulipinda, mota ikalia kwa sauti nyingine, na nilipouzima nikakuta mstari umetoka nje kwa milimita nne kwa urefu wa kiganja. Karatasi ile ilikuwa upande wa nje wa kabati. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na kikombe cha chai alichokuwa ananiletea, akatazama ubao, akanitazama mimi, akasema kwa upole, «Fundi, hiyo si ndiyo ya mbele?» Nilinunua karatasi nyingine kwa fedha zangu.

Tangu siku hiyo, nikitumia ule wa waya, waya hupita begani, na ile sehemu ya kuungana na waya wa kuongezea huwa nimeifunga fundo ili isichomoke wala isinase, na kijana anayenisaidia kazi yake pekee wakati wa mkato ni kuushika waya. Hiyo ina maana kwamba msumeno wa waya, katika chumba cha watu, unahitaji watu wawili. Ule wa betri unahitaji mmoja. Sijaona gharama hii ikiandikwa popote kwenye maboksi.

Juu ya paa tofauti ni kubwa zaidi. Waya unaoning'inia kutoka kwenye kombamoyo hadi chini hukuvuta kwa uzito wake, hupita kwenye kingo za mabati, na mtu aliye chini akiukanyaga wewe uliye juu ndiye unayeyumba. Nimewahi kumwona fundi mwenzangu akikata waya wa msumeno wake mwenyewe kwa msumeno huo huo akiwa juu ya paa. Cheche ziliruka, stima ya nyumba jirani waliyoazimwa ikazima, na kazi ikasimama hadi mwenye nyumba alipotoka kazini jioni. Kwa kazi ya paa sina mjadala, ni betri.

Nimetaja stima ya kuazima, na wanaofanya kazi za mjengo katika vitongoji vya Nakuru wanajua ninachosema. Nyumba inayojengwa mara nyingi haina mita bado, kwa hiyo mwenye kiwanja anazungumza na jirani, waya unapitishwa juu ya ua, na makubaliano ni kwamba mtamnunulia tokeni. Kisha kila tokeni za jirani zinapoisha, hata kama ni pasi yake iliyozimaliza, mafundi ndio wenye kesi. Ukipiga hesabu utaona kwamba msumeno haukuwa mlafi hivyo: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) hubeba wati-saa 90, yaani 18 mara 5, na yuniti moja ya tokeni ni wati-saa 1,000, kwa hiyo yuniti moja hujaza betri hiyo mara tisa au kumi hata ukitoa kinachopotea kwenye chaja. Lakini hesabu hiyo huwezi kumwonyesha jirani aliyekaa gizani. Nilipoanza kuja na betri zilizojazwa nyumbani, ugomvi huo ulikwisha siku hiyo hiyo. Na usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima, betri zangu mbili zilikuwa tayari zimejaa. Asubuhi nilikwenda kazini bila kuuliza kama imerudi.

Jambo la pili kuhusu stima ni ubora wake. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 240, lakini mashambani mwishoni mwa laini, hasa jioni watu wanapopika na kutazama televisheni, niliwahi kupima volti 187 kwenye soketi. Ukiongeza hapo waya wa kuongezea wenye urefu wa mita 50 ulio mwembamba, volti nyingine zinapotelea njiani. Msumeno wa waya ukilishwa hivyo hauzimi, bali unakata kwa uchovu, unapata joto, na unanuka kama kitu kinachoungua, na fundi asiyejua huusukuma kwa nguvu zaidi, jambo ambalo ndilo linaloimaliza mota. Waya wa kuongezea wa kuaminika ni wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, wa shaba halisi, na ni lazima uufungue wote kutoka kwenye gurudumu lake kabla ya kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuacha nusu ukiwa umezungushwa, nikaunganisha msumeno, randa na mashine ya kukwangua kwa pamoja, na baada ya muda mfupi plastiki ya tabaka za ndani ilikuwa imeshikana kama ubani. Lilikuwa kosa langu, wala silitupii mwingine. Ukitumia jenereta, ile ndogo ya kuwashia taa na kuchajia simu haitoshi, kwa kuwa msumeno wa wati 1,050 wakati wa kuanza huvuta zaidi ya hapo. Tafuta ya kilovolti-ampea 2 au 2.5.

Je, betri inadumu kwa muda gani? Nilijaribu kwa makusudi, nikiwa na betri moja ya ampea-saa 5 iliyojaa, diski kali ya meno 24 na blokubodi ya milimita 18. Nilipata mikato 17 ya urefu wa futi nane kabla msumeno haujajizima wenyewe, yaani takriban mita 41. Kwa mbao za saipresi za nne kwa mbili zilizokuwa zimekauka kiasi nilikata vichwa vipatavyo 140. Mbao mbichi hupunguza idadi hiyo sana, kwa kuwa unga wake ni mzito na mkato hujifunga nyuma ya diski, na mkaratusi mkavu huipunguza zaidi. Diski butu, kwa hesabu yangu, hula karibu theluthi ya betri bila kukupa chochote, na wengi wanaolalamika kwamba betri zao hazikai hawajanoa wala kubadilisha diski tangu waliponunua msumeno. Chaja yangu hujaza betri tupu kwa chini ya saa moja, kwa hiyo mwenye betri mbili na soketi moja iliyo karibu anaweza kukata mchana kutwa. Mwenye betri moja atakaa kwenye kivuli akisubiri, na anayenunua msumeno wa betri kwa hesabu ya betri moja amenunua nusu ya chombo.

Betri hizi hazipendi joto. Nilipopata kazi ya wiki tatu Kisumu, nilikuwa nikizihifadhi kwenye kibanda cha mabati pamoja na vifaa vingine, na kila saa saba mchana chaja ilikuwa ikimulika taa yake na kukataa kabisa kuzijaza, hadi nilipozihamishia chini ya mti. Nakuru, kwa ubaridi wake, jambo hilo halijanipata. Kama utaziweka wiki nyingi bila kazi, ziache zikiwa na nusu ya chaji, wala usiziache tupu.

Kuhusu majina ya volti, nitasema kwa haraka: betri iliyoandikwa volti 20 na ile iliyoandikwa volti 18 ni ndugu. Zote zina seli tano zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6 wakati wa kazi na zaidi ya volti 4 inapokuwa imejaa. Mtengenezaji mmoja amehesabu wakati wa kazi na mwingine amehesabu baada ya betri kushiba. Anayekuambia ulipe zaidi kwa sababu 20 ni kubwa kuliko 18, mshukuru na uende duka jingine.

Udanganyifu wenyewe uko kwenye ampea-saa. Mwaka jana nilihitaji betri ya tatu, nikanunua kwenye duka moja mjini, ambalo sitalitaja, betri iliyoandikwa 5.0Ah kwa bei iliyonifurahisha mno. Ilikuwa na umbo lile lile na kibandiko kinachong'aa. Nilipoiweka mkononi mwa kushoto na ile ya zamani mkononi mwa kulia, mkono wa kushoto ulipanda wenyewe. Sikuwa na mizani, nikaenda kwa bucha jirani, nikamwomba anipimie zote mbili, naye akauliza kama fundi ameanza kuuza nyama ya kopo. Ya zamani ilikaribia gramu 620. Mpya haikufika 390. Maelezo yake ni mepesi: katika betri nyingi za kimo hiki ampea-saa 5 hupatikana kwa seli kumi, tano kwa tano, na kila seli ina uzito wa karibu gramu 45. Betri yenye seli tano tu inaweza kuandikwa chochote, lakini mizani haisomi kibandiko. Nilirudi dukani, nikaambiwa bidhaa za umeme zikishatoka hazirudishwi, na betri hiyo sasa huendesha bisibisi ya mashine, kazi inayoiweza. Tangu hapo nimewashauri mafundi waende kununua wakiwa na betri yao ya zamani mfukoni, au walau wajue uzito wake.

Hapo ndipo msumeno wa waya unapopata heshima yake kamili. Wangu una umri wa miaka saba. Katika miaka hiyo nimebadilisha brashi za kaboni mara mbili, kazi ya dakika kumi na bisibisi, nimebadilisha swichi mara moja, na waya mara moja baada ya panya. Vipuri vyote nilivipata hapa mjini, na kwa fundi wa mota anayerudishia nyaya za shaba hata mota iliyoungua ina matumaini. Msumeno wa betri una afya njema, lakini najua kwamba siku betri zake zitakapochoka nitalazimika kununua nyingine, na betri moja halisi ilinigharimu karibu nusu ya bei niliyolipia msumeno wote. Kampuni ikiamua kubadilisha umbo la betri zake, nitabaki na msumeno mzima usio na cha kula. Kwa bei niliyotoa kwa msumeno wa betri, betri mbili na chaja, ningeweza kununua miwili ya waya nikabakiwa na nauli ya kurudi nyumbani.

Kuna faida moja ya ule wa betri ambayo niliidharau mwanzoni. Una breki: ukiachia kitufe, diski inasimama karibu papo hapo, wakati ule wangu wa waya, kama mingi ya bei yake, huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa huku ukitafuta mahali pa kuuweka. Lakini yote miwili ina kinga ya chini inayofunga diski yenyewe, na nimeona misumeno mingi mno ambayo kinga hiyo imefungwa kwa waya wa kufungia chuma ili isisumbue. Asiyetaka kusumbuliwa na kinga asinunue msumeno wa aina yoyote. Kwa ule wa betri, toa betri kabla ya kugusa diski. Kwa ule wa waya, chomoa plagi uione kwa macho, usimtume mtu.

Unene wa diski nao una fedha ndani yake. Diski nyingi zinazokuja na misumeno ya betri ni nyembamba, mkato wake ukiwa kama milimita 1.5, ili mota isibebe mzigo mkubwa, ilhali za waya mara nyingi hukata milimita 2 au zaidi. Ukipasua ubao wa inchi kumi na mbili kuwa fito sita, mikato mitano ya diski nene imekula karibu milimita tatu zaidi. Wakati marufuku ya kukata miti iliyoanza Februari 2018 ilipokuwa ikiendelea, kabla Rais William Ruto hajatangaza kuiondoa akiwa Molo Julai 2023, saipresi ilikuwa ikipatikana kwa shida, nasi tulikuwa tukihesabu unga unaodondoka chini. Habari njema ni kwamba hakuna anayekukataza kuuvika msumeno wa waya diski nyembamba, mradi tundu la katikati lilingane, ambalo kwa diski za milimita 165 mara nyingi ni milimita 20, na mradi mizunguko iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya msumeno.

Basi, fundi mwenye fedha za mmoja anunue upi? Zamani nilijibu wa waya, kisha kwa muda nikawa najibu wa betri kwa furaha ya kitu kipya. Sasa namuuliza kwanza anasimama wapi anapokata. Kama ana karakana yenye soketi, meza na makabati ya kuunda, anunue wa waya wa milimita 165, na fedha zilizobaki anunue diski nzuri ya meno 40, klampu mbili na ubao mnyoofu wa kuongozea msumeno, na kazi yake itatoka safi kuliko ya mwenye betri ya bei mara mbili. Kama siku zake nyingi ziko juu ya paa au katika nyumba zisizo na mita, anunue wa betri, lakini asinunue kabla hajapata fedha za betri ya pili, na achague kampuni ambayo tayari ana bisibisi yake, ili betri zishirikiane. Anayeanza kabisa, asiyejua bado kazi itampeleka wapi, nitamwambia anunue wa waya, kwa sababu kosa la kununua wa waya hugharimu kidogo na chombo chenyewe hakizeeki haraka. Mimi, ninayesema hivyo, siku nne kati ya tano nabeba wa betri.

Wowote utakaouchagua, usilipe kabla hujafanya jambo moja hapo hapo kwenye kaunta, betri ikiwa nje au plagi ikiwa mkononi: inua kinga, weka skwea ndogo kati ya bamba la chini na diski, na uitazame dhidi ya mwanga wa mlangoni. Kisha jaribu kulitikisa bamba kwa kidole gumba. Likichezacheza likiwa jipya, mwambie muuzaji akufungulie boksi jingine.